Ayn Rand na Fundo la Neno "Ubinafsi"

Neno ambalo Ayn Rand alilipigania kuliko maneno yote, na ambalo mwaka 1964 alilitia katika anwani ya mkusanyo wa makala zake, kwa Kiswahili halina pa kukaa. Anwani yenyewe ni The Virtue of Selfishness. Mfasiri akiandika "Fadhila ya Ubinafsi" atakuwa ameitii kamusi, lakini msomaji atakayekiona kitabu hicho dukani atadhani amekutana na kejeli, kama kwamba mtu ameandika "Baraka za Uchoyo" au "Sifa Njema za Fitina". Rand alijua kuwa anachokoza. Katika dibaji ya kitabu hicho anaeleza kwamba amelichagua neno hilo kwa sababu ile ile inayowafanya watu waliogope, kisha anadai kuwa maana yake halisi ni mtu kushughulikia maslahi yake, basi, bila ya hukumu yoyote ya wema wala ubaya. Kamusi za Kiingereza zenyewe hazimuungi mkono. Za kwetu ndiyo kabisa.

Hata hivyo, Kiswahili kina fundo lake hapa, na fundo hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu vya mwanamke huyu ambaye kwa tabia na kwa malezi nisingemkaribisha barazani. Tunasema mimi binafsi, barua binafsi, mali binafsi, shule binafsi, wala hapana anayeona haya. Neno limetujia kwa Kiarabu, likiwa na maana ya "kwa nafsi". Litie kiambishi u- mbele yake, na papo hapo linaingia doa: ubinafsi ni lawama. Wasomi wetu walipotaka jina la ile falsafa inayomtanguliza mtu mmoja mbele ya jamii, walichukua neno hilo hilo, kwa hiyo leo falsafa na aibu zinaitikia jina moja. Kisha, katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, ukazaliwa ubinafsishaji, ndugu wa tatu katika nyumba hiyo. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi kiwandani hakuhitaji mwalimu wa sarufi amweleze ukoo wa neno hilo.

Je, falsafa ya Rand ingali na maana leo? Wapo wanaojibu kwa kuhesabu wafuasi, na wafuasi hawakosekani. Alan Greenspan, aliyeongoza benki kuu ya Marekani tangu 1987 hadi 2006, alikuwa kijana wa barazani kwake. Donald Trump, akigombea urais mwaka 2016, aliisifu The Fountainhead. Sajid Javid, aliyekuwa waziri wa fedha wa Uingereza, amesimulia kuwa huirudia mara kwa mara sehemu ya mahakama katika riwaya hiyo hiyo. Lakini kitabu kupendwa na wakubwa si hoja ya fasihi. Mimi nauliza jambo jingine: msomaji wa visiwa hivi, ambaye ameishi upande wa pili wa historia ile ile iliyomzaa Rand, ana nini cha kuchukua kwake?

Maana historia ni ile ile, kwa kiasi. Alizaliwa St. Petersburg tarehe 2 Februari 1905, na jina lake la kwao lilikuwa Alisa Rosenbaum. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka lake. Baada ya mapinduzi ya 1917 duka lile lilichukuliwa kwa jina la umma, na binti, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akaona kwa macho yake jinsi kazi ya maisha ya mtu mmoja inavyogeuka kuwa mali ya wote, yaani mali ya yule aliyekuja na karatasi. Familia ilikimbilia Crimea, ikarudi, ikaonja njaa. Binti akamaliza chuo kikuu mwaka 1924, na mwaka 1926 akapata ruhusa ya kwenda Marekani kuzuru jamaa. Hakurudi, wala hakuwaona wazazi wake tena.

Yeyote aliyelelewa Unguja hahitaji kufafanuliwa habari hii. Baada ya Januari 1964 yalikuwapo maduka yaliyobadilisha wenyewe, na nyumba zilizobadilisha funguo. Ilitangazwa pia kuwa ardhi yote ni ya serikali, kisha mashamba yakagaiwa eka tatu tatu kwa watu ambao hawakuwahi kumiliki hata kivuli cha mkarafuu. Mkono mmoja ulinyang'anya na mkono huo huo ukagawa. Rand hakuwahi kuuona mkono wa pili, au aliuona akakataa kuuandika. Na hapo ndipo mimi na yeye tunapoanza kuachana. Lakini sharti kwanza nimpe haki yake.

Haki yake kubwa imo katika riwaya ya kwanza, We the Living, ya mwaka 1936, ambayo wafuasi wake huisoma mwisho na wapinzani wake hawaisomi kabisa. Kira Argounova anataka kuwa mhandisi, ajenge madaraja. Anampenda Leo, kijana wa ukoo ulioanguka; anapendwa na Andrei, mkomunisti wa kweli, mtumishi wa polisi ya siri. Ili kumwokoa Leo na kifua kikuu, Kira anajitoa kwa Andrei na kuchukua fedha zake bila ya kumwambia zinakokwenda. Tazama ajabu: mwandishi atakayekuja kuhubiri kuwa kujitoa mhanga ni dhambi, anaanza kwa hadithi ya msichana anayejitoa mhanga. Na mtu mwenye heshima kuliko wote kitabuni ni Andrei, adui, ambaye anapoujua ukweli hamlaumu Kira bali anaikagua imani yake mwenyewe, hatimaye akajiua. Kira anapigwa risasi akiivuka theluji kuelekea mpaka wa Latvia, na mlinzi aliyempiga hajui hata amepiga nini. Hapana hotuba pale. Ipo baridi, zipo foleni, ipo harufu ya jiko la mafuta, zipo fomu za kujaza. Waitalia walikitengenezea filamu mwaka 1942, chini ya utawala wa Mussolini, wakidhani kuwa wanawapiga wakomunisti. Baadaye wakubwa wakaiondoa katika majumba ya sinema, kwa kuwa filamu ile iliwagusa wao pia. Riwaya inayowaudhi madhalimu wa pande mbili haiwezi kuwa ya bure.

Baada ya hapo ikaja Anthem, mwaka 1938, kitabu kidogo ambacho mfasiri hawezi kukipita bila ya kukigusa. Ni habari ya nchi ya baadaye ambamo neno la nafsi ya kwanza umoja limefutwa. Watu huitwa kwa maneno yenye namba, na kila mtu akijitaja husema "sisi". Niliwahi kuzijaribu kurasa chache kwa Kiswahili, nikakuta kwamba lugha yetu inampinga mwandishi kwa njia asiyoitarajia. Kwa Kiingereza, "mimi" ni neno zima lililosimama peke yake, tena lenye herufi kubwa; ukiling'oa, pengo linaonekana. Kwetu ni silabi moja ndani ya kitenzi. Ni- ikitoka na tu- ikiingia, sentensi inaendelea kama kwamba hapana kilichotokea. "Tulilala, tukaota, tukaamka": msomaji wa Kiswahili hashtuki, anadhani wako wengi. Ilinibidi niongeze "peke yetu" mara kwa mara ili ule uwazimu usikike. Nami nikafikiri: labda ndiyo maana kutoweka kwa mtu mmoja ndani ya "sisi" kwetu hutokea kimya kimya, bila ya mtu kuona kilichotoka.

Nakubali pia, bila ya kinyongo, kwamba kuna sehemu moja ya Atlas Shrugged (1957) ambayo ni ya daraja la juu. Ni pale mzururaji mmoja, ndani ya treni, anapomsimulia Dagny Taggart habari za kiwanda cha injini alichofanyia kazi. Warithi wa kiwanda walipitisha kanuni kwamba kila mtu atafanya kazi kwa kadiri ya uwezo wake na kulipwa kwa kadiri ya haja yake. Wafanyakazi wenyewe waliipigia kura. Kisha wakagundua kuwa haja haina mwisho na uwezo hufichwa. Aliyefanya kazi vizuri aliongezewa saa za kazi. Mwenye dhiki nyingi akawa tajiri wa dhiki. Mzee mmoja aliyependa muziki alinyimwa fedha za sahani za santuri kwa kuwa ni anasa, huku msichana wa jirani akipewa waya za dhahabu za kunyooshea meno; siku moja mzee akambwaga msichana yule meno. Yeyote aliyepanga foleni ya unga na sukari, akijua nani atapitishwa mlango wa nyuma, ataisoma sura hii na kutikisa kichwa. Wahenga walikwisha sema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Rand angeichora methali hiyo kwa wino wa dhahabu.

Lakini wahenga hao hao wakasema mchuma janga hula na wa kwao, na hii Rand hakuifahamu hata siku moja. Kitabu hicho hicho, chenye kurasa zaidi ya 1,000, kina sura ambayo treni inaingizwa katika handaki lililojaa moshi na abiria wote wanakufa. Kabla hawajafa, mwandishi anapita behewa kwa behewa na kutuambia makosa ya kila mmoja: huyu profesa alifundisha hivi, huyu mwandishi wa michezo aliandika vile. Miongoni mwao yumo mama aliyewalaza watoto wake wawili, na kosa lake ni kuwa mumewe ana kazi serikalini. Mwandishi hasemi kuwa wamestahili. Anaorodhesha tu, akatuachia sisi tuseme. Nimesoma habari nyingi za maangamizi katika tenzi zetu, za vita na za gharika, na sijaona mtunzi aliyewapekua maiti mifukoni kutafuta maoni yao.

Tena yupo Eddie Willers. Huyu ni karani mwaminifu wa shirika la reli, rafiki wa Dagny tangu utotoni, mtu asiye na kipaji kikubwa ila anatenda kazi yake. Mashujaa wanapojitenga katika bonde lao lililofichwa huko Colorado, Eddie haitwi. Mwishoni treni inakwama jangwani Arizona, abiria wanaondoka na misafara ya magari ya farasi, naye anabaki peke yake mbele ya injini iliyokufa, akilia. Wafuasi wa Rand wana maelezo yao. Kwangu mimi kitabu kizima kinahukumiwa kwa kitendo hiki. Ndani ya bonde lile, neno linalokatazwa ni neno "kupa". Hata gari huazimwa kwa malipo. Bondeni hamna mzee wa kuuguzwa, na watoto ni wa kuhesabu. Falsafa ya mtu mmoja imewezekana pale kwa sababu watu wengine wote wameondolewa jukwaani.

Watu hupenda kumcheka Rand kwa kuwa uzeeni, baada ya kuugua saratani ya mapafu, alipokea mafao ya serikali aliyoyapinga. Mimi sioni cha kucheka. Alikwisha andika tangu 1966 kwamba aliyekatwa kodi kwa nguvu ana haki ya kurejeshewa chake, kwa hiyo kwa mizani yake hakukosea. Kosa lake zito liko kwingine, na ni kosa la kifalsafa. Mwaka 1963 aliandika makala kuupinga ubaguzi wa rangi, na hoja yake ilikuwa nzuri: kumhukumu mtu kwa kabila lake ni kumfuta mtu mwenyewe. Naam. Lakini alipinga sehemu za sheria ya haki za raia zilizomzuia mwenye hoteli au mkahawa kumfukuza mtu kwa rangi yake, kwa kuwa mali ni ya mwenyewe. Mwaka 1974, akijibu maswali mbele ya wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, alisema kuwa wenyeji wa asili wa Marekani hawakuwa na haki juu ya ardhi yao kwa kuwa hawakuijua haki ya mali. Na mwaka 1979, katika televisheni, aliwataja Waarabu wanaopigana na Israeli kuwa ni washenzi. Msomaji atafakari: mwanamke aliyetumia maisha yake kusema kuwa hapana kitu kiitwacho kundi, na kwamba kilichopo ni mtu na mtu na mtu, alipofika kwetu sisi wengine aliona makundi matupu. Duka la baba yake lilikuwa na mwenyewe; bonde la Mhindi Mwekundu halikuwa na mwenyewe. Aliyechukua duka ni mwizi. Aliyechukua bonde ni mstaarabu.

Hapa nalirudia neno nafsi, kwa kuwa waliotufundisha madrasa hawakutufundisha nafsi moja. Walitufundisha kuwa ipo nafsi inayoamrisha maovu, ipo nafsi inayojilaumu, na ipo nafsi iliyotulia, na kwamba safari ya mtu ni kutoka ile ya kwanza kwenda hii ya mwisho, kupitia ile ya kati. Hii nayo ni falsafa ya mtu mmoja, tena kali, kwani kila mmoja ataulizwa peke yake wala hatabebewa mzigo na nduguye. Mtunzi wa Al-Inkishafi hauhutubii umati. Anausemesha moyo wake. Asitokee basi mtu akatuambia kuwa nafsi ya mtu mmoja ililetwa huku na meli ya Mzungu. Mashujaa wa Rand wanaruka daraja la kati. John Galt anahutubia taifa kwa kurasa zipatazo sitini bila ya kujilaumu kwa lolote. Hata baraza lake Rand, lililojiita kwa mzaha "Kundi", lilikuwa na mashtaka na kufukuzana, na aliyefukuzwa kwa kishindo kuliko wote, Nathaniel Branden, mwaka 1968, alikuwa mrithi wake na mpenzi wake wa zamani. Kila mtu aliruhusiwa kufikiri peke yake, maadamu anafika alipofika bibi mwenye nyumba.

Greenspan, kwa upande wake, alifikwa na siku ya nafsi inayojilaumu. Tarehe 23 Oktoba 2008, mabenki yakiwa yanaporomoka, aliulizwa mbele ya wabunge wa Marekani, naye akakiri kuwa ameona ufa katika namna alivyouelewa ulimwengu: alidhani maslahi ya wenye benki yenyewe yangetosha kuwazuia wasijiangamize. Ungamo lile, lililosemwa kwa sauti ya mzee aliyechoka, lina ubinadamu zaidi ya hotuba yote ya Galt.

Nani basi amwandike mtu aliye peke yake, dhidi ya wote, bila ya kudanganya? Sihitaji kwenda mbali. Katika The Fountainhead (1943), msanifu Howard Roark analipua majengo ya nyumba za maskini kwa kuwa michoro yake ilibadilishwa. Anajitetea mahakamani kwa hotuba, na wazee wa baraza wanamwachilia huru. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Euphrase Kezilahabi anamwandika Tumaini, kijana mwenye mali aliyejenga shamba lake, na Azimio la Arusha linapolifikia shamba hilo anamuua kiongozi wa serikali. Wasomaji wa wakati ule hawakukosa kukumbuka kisa cha Iringa cha Desemba 1971, mkulima alipomuua Mkuu wa Mkoa, Dkt. Kleruu. Tumaini ananyongwa. Kezilahabi hampi hotuba ya kumwokoa, wala hauambii umma kuwa umeshinda. Anatuachia mtu aliyekufa na nchi iliyobaki na fujo yake. Roark ana raha ya kuwa sahihi. Tumaini ana uzito wa kuwa mtu.

Kezilahabi huyo huyo, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, alitupiwa mawe kwa Kichomi (1974), alipotunga bila ya vina wala mizani. Mimi ni mtu wa vina na mizani hadi leo, lakini ugomvi ule umenisaidia kumsoma Rand. Roark anafukuzwa chuoni kwa kukataa kuiga, na anaidharau hata Parthenon kwa kuwa nguzo zake za marmar zinaiga nguzo za mti. Kwa Rand, kipya hutoka kichwani mwa mtu mmoja kama maji kwenye jabali. Mshairi yeyote wa pwani anajua kuwa si hivyo. Muyaka bin Haji alipokea umbo ambalo hakulibuni, silabi alizokuta zimekwisha hesabiwa, na ndani yake akasema maneno ambayo mtu akiyasikia gizani atajua ni ya Muyaka. Kezilahabi naye alilivunja umbo hilo kwa kuwa alilijua. Rand mwenyewe alimwabudu Victor Hugo, na mwalimu wa Roark kitabuni, Henry Cameron, amefinyangwa kwa mfano wa Louis Sullivan, mwalimu wa Frank Lloyd Wright. Lakini katika falsafa alikubali kuwa na deni kwa Aristotle peke yake.

Siku hizi vijana wetu wanauziwa Rand bila ya jina lake. Ukikaa kituo cha daladala utaviona vitabu vya mafanikio vimetandazwa chini, vyote vikisema: usimsikilize mtu, jitegemee, maskini amejitakia. "Kujitegemea" ni neno la Azimio la 1967, na wakati ule lilikuwa fadhila ya nchi nzima. Sasa limebaki la mtu mmoja na simu yake. Afadhali kijana huyo amsome Rand mwenyewe kuliko makombo yake, kwani Rand angalau anajua kukuonesha baridi ya Petrograd.

Ndiyo maana nawaomba wachapishaji wetu, ikiwa kitabu chake kimoja kitafasiriwa, kisiwe Atlas Shrugged wala zile makala za ubinafsi. Kiwe kile cha Kira. Anwani haitampa mfasiri taabu: Sisi Tulio Hai. Kitabu cha kwanza cha adui mkubwa wa "sisi" kinaanza na neno hilo, na katika matoleo yaliyofuata, hata alipoyapitia maandishi yake upya mwaka 1959, aliliacha pale pale.